Kubadilisha chaja ya ndani ya Nissan Leaf jijini Nairobi: kutoka kilowati 3.3 hadi 6.6

Kabla hujampigia fundi yeyote simu akuwekee chaja kubwa ndani ya gari lako la umeme, nenda kwenye kile kidude cha kuingizia tokeni ukutani usome yuniti zilizobaki. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji pamoja, uache gari peke yake likichaji kwa saa moja kamili, kisha usome tena. Betri iwe katikati, si karibu kujaa, kwa sababu ikikaribia kujaa gari lenyewe hupunguza mwendo wa kuchaji na hesabu itakudanganya.

Zikiwa zimeondoka yuniti mbili na kitu, kebo ndiyo inayokubana, maana kebo nyingi za soketi ya kawaida zimewekewa kikomo cha ampea 10. Zikiondoka tatu na kitu, huenda chaja ya ndani ni ile ndogo ya kilowati 3.3, au kisanduku chako cha kuchajia cha ukutani kimewekwa ampea 16. Zikiondoka sita na zaidi, weka simu chini ulale: ile kubwa ya 6.6 unayo tayari. Jirani yangu wa Donholm alikuwa ameshatoa arubuni ya chaja kubwa ndipo tukafanya jaribio hili, halafu tukalirudia kwa kisanduku cha ampea 32 cha rafiki. Gari lake lilitoka Japani likiwa nayo. Kilichokuwa kidogo ni kebo, na arubuni haikurudi.

Leaf zilizouzwa Japani mara nyingi zilikuja na chaja ya kilowati 3 hivi, ile ya 6 ikiwa nyongeza ya kulipia. Kwa hiyo usiamini tangazo la muuzaji wala mwaka wa gari. Amini mita.

Nini hasa kinachochaji

Kile kisanduku tunachokiita chaja ya ukutani hakichaji kitu. Ni swichi yenye akili kidogo. Kupitia waya mmoja mwembamba kinalipelekea gari mapigo 1,000 kwa sekunde, na ujumbe umo katika upana wa pigo: chukua asilimia ya muda ambao pigo liko juu, zidisha kwa 0.6, upate ampea zinazoruhusiwa. Asilimia 27 hivi ni ampea 16; asilimia 53 ni ampea 32. Gari linasoma, halafu linavuta kiasi kisichozidi hapo. Kazi ya kugeuza stima ya Kenya Power kuwa umeme wa moja kwa moja wa karibu volti 400 unaoingia kwenye betri inafanywa na chaja iliyo ndani ya gari.

Kwa hiyo kuna vitu vitatu vilivyofungana kama mnyororo: stima ya nyumba, kisanduku na kebo yake, na chaja ya ndani. Kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Ukifunga chaja ya kilowati 6.6 ukaacha kisanduku cha ampea 16, utapata kilowati 3.8 hivi na hasira. Vilevile usishawishiwe na kisanduku kilichoandikwa kilowati 22. Hicho kinataka fezi tatu, na Leaf hutumia fezi moja tu.

Kuchaji kwa haraka kwa CHAdeMO ni habari nyingine kabisa. Huko umeme unaingia ukiwa umeshageuzwa na mashine ya kituoni, unairuka chaja ya ndani, na ukiibadilisha hutaona tofauti yoyote kwenye kituo hicho.

Je, unaihitaji?

Watu wengi wanaoniuliza hawaihitaji. Chukua Leaf ya kilowati-saa 40, yaani betri yake inabeba yuniti 40. Ukiichomeka saa nne usiku ukaichomoa saa kumi na mbili asubuhi, chaja ndogo imevuta yuniti 26. Ukitoa zinazopotea kama joto, betri imepata 23 hivi, na kwa kilomita 6 kwa kila yuniti hizo ni karibu kilomita 140. Mtu wa Kitengela anayefanya kazi katikati ya jiji anaenda na kurudi, anapitia kwa shemeji Rongai, na bado chaji inabaki. Huyo pesa zake azipeleke kwenye waya wa nyumba na kisanduku kizuri.

Anayeihitaji ni dereva wa teksi ya programu anayerudi nyumbani saa saba mchana, anakula, anapumzika saa mbili na kurudi kazini. Kwa chaja ndogo, saa hizo mbili zinampa kilomita 35. Kwa kubwa, 70. Hiyo ni safari ya uwanja wa ndege aliyoweza kuikubali badala ya kuikataa. Mwingine ni nyumba yenye magari mawili ya umeme na kisanduku kimoja, ama mwenye Leaf ya kilowati-saa 62 anayefika nyumbani betri ikiwa tupu.

Halafu kuna suala la bei ya stima. Aprili 2023 EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, iliidhinisha bei maalumu ya magari ya umeme, ambayo kwa kipindi cha 2023 hadi 2026 ilikuwa shilingi 16 kwa yuniti kwa saa za kawaida na shilingi 8 kwa saa ambazo matumizi ya nchi yako chini, kabla ya kodi na tozo, kwa anayetumia kati ya yuniti 200 na 15,000 kwa mwezi. Yuniti 200 ni kama 7 kwa siku, jambo ambalo dereva wa teksi analipita kabla ya chakula cha mchana. Ukiwa kwenye bei hiyo, chaja kubwa inakuwezesha kuingiza yuniti zote ndani ya dirisha la usiku. Hapo ndipo naanza kuona maana ya gharama.

Stima ya nyumba kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanaparuka.

Kilowati 6.6 kwa volti 240 ni ampea 27.5, na si kwa dakika tano kama birika. Ni kwa saa tano mfululizo. Sasa ongeza shawa ya stima, zile za papo kwa hapo tunazofunga bafuni: kilowati 5.4 hivi, yaani ampea 22.5. Umeshafika 50. Mtu akiwasha birika jikoni, 59. Kama breka kuu ya nyumba ni ya ampea 40, saa kumi na moja unusu asubuhi mama watoto atakuwa na sabuni kichwani gizani, na wewe utajua umekosea wapi. Kuna visanduku vyenye kipimo kinachofungwa kwenye waya mkuu. Shawa ikiwaka, kisanduku kinapunguza ampea za gari, shawa ikizimwa kinazirudisha. Kama breka kuu yako ni ndogo, nunua cha aina hiyo.

Gari lipewe sakiti yake, kutoka kwenye boksi la breka hadi kwenye kisanduku, bila kugawana na taa ya geti wala mashine ya kufulia. Waya wa shaba wa milimita 6 za mraba ndio wa kuanzia. Kwa umbali wa mita 30, waya huo unapoteza volti 6 hivi kwa ampea 27.5, bado si vibaya. Ukizidi hapo, au ukiupitisha kwenye bomba lenye nyaya nyingine zinazopata moto, panda milimita 10. Breka iwe ya ampea 32 au 40, kulingana na kisanduku na waya. Weka na kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha milliampea 30, kisiwe kile cha bei rahisi cha taa na soketi. Gari la umeme linaweza kuvujisha umeme wa moja kwa moja, na umeme huo ukizidi milliampea 6 unakipofusha kifaa cha kawaida kisikate siku ya hatari. Uliza muuzaji kama kisanduku chenyewe kina kinga ya milliampea 6. Kama hakina, unahitaji kifaa cha aina B, na bei yake itakushtua.

Arthi nayo. Nairobi nimeona visanduku vingi vikirudishwa dukani kwamba ni vibovu, kumbe vinakataa kuchaji kwa sababu arthi ya nyumba ni hafifu. Mwezi wa pili udongo ukikauka, fimbo fupi ya arthi hushika vibaya kuliko wakati wa mvua, ndiyo maana mtu husema "mwezi wa nne ilikuwa inafanya kazi". Mwambie fundi aipime kwa kipimo chake. Kuangalia kama waya wa kijani upo hakutoshi.

Kazi hii apewe fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, na leseni hiyo uombe kuiona. Ukiwa mpangaji, zungumza na mwenye nyumba kabla ya kununua hata skrubu moja. Fleti nyingi zina mita ndogo zilizogawanywa kutoka laini moja, na anayelipa faini ya laini hiyo kuungua hatakuwa wewe peke yako.

Nitakwambia kilichonitia adabu mimi. Kebo iliyokuja na gari langu ilikuwa na plagi ya Kijapani ya volti 200, ampea 15. Fundi mmoja wa mtaani akaikata, akafunga plagi yetu ya miguu mitatu. "Bosi, hiyo imeisha," akasema, na ilichaji kweli. Siku ya tatu nikasikia harufu ya samaki sebuleni, na hatukuwa tumepika samaki. Nikaifuata hadi kwenye soketi. Plagi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, na nilipoivuta mguu mmoja ulibaki ndani ya ukuta. Fyuzi ya ampea 13 ilikuwa nzima, kwa sababu fyuzi hiyo hubeba ampea 15 kwa muda mrefu sana bila kukatika. Harufu ya samaki pale pasipo samaki ni plastiki ya umeme inayopikika.

Kutafuta chaja yenyewe

Jua kwanza una Leaf ya kizazi gani. Ile ya kwanza kabisa, kabla ya mabadiliko yaliyoanza na modeli ya 2013, chaja yake iko nyuma, kwenye buti, nyuma ya viti. Zilizofuata zimeihamishia mbele chini ya boneti, ikiwa ndani ya kasha moja na kigeuzi kinacholisha betri ndogo ya volti 12 na boksi la kugawa umeme mkubwa. Kasha hilo limekaa juu ya inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uzungushe mota, nayo inveta iko juu ya mota. Maana yake ni kwamba kwa magari haya ya baadaye huwezi kununua "chaja" peke yake. Unabadilisha kasha zima. Na kasha la kizazi kimoja haliingii kwenye kizazi kingine kwa kulazimisha.

Spea hizi hutoka kwenye magari yaliyopondwa. Ukienda Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan, nenda na picha ya lebo ya kasha lako, namba ya chesi na picha za konekta zote. Linganisha namba ya spea herufi kwa herufi. Konekta zinaweza kufanana kwa macho na zikatofautiana ndani.

Mwambie muuzaji asikate nyaya. Wengi hutoa kasha kwa grinda, wanaacha vipande vya waya vinaning'inia kama mikia ya panya. Unachotaka ni kasha, mdomo wa kuchajia, na kebo nzima kati ya mdomo huo na kasha, kwa sababu kebo ya gari lenye chaja ndogo ilipimiwa ampea za chaja ndogo. Ukipitisha ampea 27.5 humo umehamishia ile harufu ya samaki chini ya boneti. Omba pia mipira ya kulanti, boliti na vifuniko.

Kagua kama kuna kutu ya kijani kwenye pini, alama za maji yaliyokauka ndani ya konekta, na ufa kwenye mabomba ya kulanti. Zaidi ya hapo hakuna kipimo cha dukani kitakachokuthibitishia kwamba ni nzima, lazima ifungwe kwenye gari. Kwa hiyo andikeni kwenye risiti siku za kurudisha. Maneno matupu ya "rudi tu, bosi" hayahesabiki.

Mtafute na fundi wa gari mapema. Muulize swali moja: akishafunga, ataingiaje kwenye kompyuta ya gari kusoma makosa na kurekebisha mipangilio ikihitajika? Akikuonyesha skana ya kusomea taa ya injini tu, mshukuru uende kwa mwingine.

Kuzima umeme wa gari

Hii si kazi ya kujifunzia peke yako Jumapili. Nakueleza hatua ili ujue fundi wako akiruka moja. Ndani ya nyaya za rangi ya machungwa kuna volti karibu 400 za moja kwa moja, na umeme huo unaua.

Zima gari, peleka ufunguo mbali, si mfukoni mwa fundi. Chomoa kebo ya kuchajia. Toa kichwa cha hasi cha betri ya volti 12 na ukifunike kisije kikarudi chenyewe. Subiri dakika chache. Kisha vaa glavu za mpira za daraja 0, zilizoidhinishwa kwa volti 1,000, na juu yake glavu nyembamba za ngozi. Kabla ya kuvaa, kunja glavu kuanzia kwenye kifundo ukiibana hewa ndani, uisogeze karibu na shavu. Ukihisi upepo, itupe. Vua saa na pete.

Plagi ya usalama ya betri kubwa iko sakafuni, chini ya zulia, mbele ya kiti cha nyuma. Unafungua kifuniko, unainua mkono wake, unaivuta. Fundi aitie mfukoni mwake mwenyewe. Sasa kaeni, dakika 10 nzima kwa saa, capacita, vile vihifadhi umeme vilivyo ndani ya inveta na chaja, zimwage umeme wake. Baada ya hapo anapima kwa multimita ya daraja la CAT III, volti 1,000: kwanza anaipima multimita kwenye betri anayojua ni nzima, kisha anapima pini za umeme mkubwa, kisha anarudi kwenye ile betri kuhakikisha kipimo hakijafa katikati. Akipata sifuri ndipo afungue boliti ya kwanza.

Kutoa na kufunga

Mwaga kulanti kwenye beseni safi. Chaja hii hupozwa kwa maji yanayozunguka pamoja na inveta na mota, na ukiyamwaga kwenye mtaro mbwa wa jirani akiyanywa atakufa. Piga picha kila konekta kabla ya kuichomoa. Bandika kipande cha tepu chenye namba kwenye kila moja.

Nyaya kubwa za machungwa zina waya mwembamba ndani ya konekta unaohakikisha kila kitu kimekaa. Konekta moja isipoingia mpaka ilie "tak", gari halitawaka, na utapoteza siku nzima ukidhani kasha ni bovu. Kati ya kasha na inveta kuna vipande vya shaba vilivyofungwa kwa boliti chini ya kifuniko kidogo. Hizo boliti zikazwe kwa rinchi ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ikilegea, inapata moto; ikizidi, inakata uzi. Kasha ni zito na mahali pa kushikia ni pabaya, muwe wawili na kiinuzi.

Futa uso linapokaa, badilisha sili zote za mpira hata zikionekana nzuri. Pitisha kebo mpya ya mdomo wa kuchajia mbali na kona kali, ifunge kwenye vishikio vyake vya asili. Jaza kulanti ya aina inayotakiwa, ikichanganywa na maji yaliyotakaswa na si ya mfereji, na utoe hewa kwenye mzunguko. Hewa ikibaki, chaja itapata joto ikapunguza nguvu yenyewe, nawe utamlaumu muuzaji wa Grogan bure.

Kuwasha mara ya kwanza

Kabla ya kurudisha plagi ya usalama, fundi apime kama umeme mkubwa haujagusana na bodi ya gari. Kisha rudisha plagi, rudisha betri ndogo, washa. Taa ya READY ikiwaka, pima betri ya volti 12: ipande hadi volti 13 au 14. Isipopanda, kile kigeuzi kilicho ndani ya kasha hakifanyi kazi, na usithubutu kulipeleka gari barabarani hata kama mota inazunguka.

Unganisha LeafSpy, programu ya simu inayosoma kompyuta ya Leaf, kupitia kile kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya kusomea makosa ya gari, soma makosa, yafute, washa tena uone yapi yanarudi.

Anza kuchaji kwa ampea 10. Nusu saa. Gusa kebo, konekta, mdomo wa kuchajia. Panda 16, nusu saa nyingine. Kisha fungulia yote na usiondoke. Baada ya saa moja ya ampea 27 kebo itakuwa ya uvuguvugu. Ikikuchoma mkono, zima. Kagua boksi la breka la nyumba pia, maana skrubu iliyolegea pale ndiyo huwa ya kwanza kuungua. Halafu rudi kwenye kidude cha tokeni ulipoanzia, zima kila kitu, hesabu saa moja. Jioni stima ikishuka hadi volti 210 usishangae kuona 5.8 badala ya 6.6, chaja inabanwa na ampea, na volti zikipungua yuniti zinapungua.

Wiki moja baadaye fundi wa stima arudi akaze skrubu za boksi na kisanduku. Waya mpya wa shaba hulegea kidogo ukishapata moto na kupoa mara kadhaa.

Kasha la zamani usiliuze mpaka miezi mitatu ipite, ndilo litakalokuokoa lile jipya likifa siku ya mwisho wa risiti. Langu liko chini ya kitanda cha wageni, ndani ya gunia, mabomba yake yamezibwa kwa selotepu. Shemeji wa Rongai alijigonga kidole cha mguu nalo Krismasi, akaniuliza kama nimeanza kuficha pesa.